Mwanafunzi wa uhasibu anahitaji msimu mzima

Kalenda ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, na kalenda ya ukaguzi hazikutani. Nililigundua hilo katika mwaka niliokaa kwenye ofisi ya ukaguzi wa hesabu Dar es Salaam, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyoona kwamba linatugharimu kuliko tunavyodhani. Linamgharimu mwanafunzi, linaigharimu ofisi inayompokea, na mwishowe linamgharimu yeyote anayesoma hesabu za kampuni na kuziamini.

Nieleze. Vyuo vyetu vingi hupeleka wanafunzi fildi kuanzia Julai au Agosti, mitihani ya muhula wa pili ikishakwisha. Sasa tazama upande wa ofisi. Kampuni nyingi binafsi hufunga mwaka wa hesabu tarehe 31 Desemba. Sheria ya kodi ya mapato inazipa miezi 6 kuwasilisha ritani ya mwisho, yaani tamko la mapato na kodi ya mwaka, kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), ikiwa imethibitishwa na mhasibu aliyesajiliwa. Kwa hiyo kazi huanza kupamba moto Januari, hukaza Aprili na Mei, na Juni watu wanatoka ofisini usiku. Tarehe 30 Juni, siku hiyohiyo ya mwisho ya ritani, Serikali, halmashauri na mashirika ya umma nao wanafunga mwaka wao na stoo zao zinahesabiwa. Wiki kadhaa baadaye ndipo mwanafunzi anabisha hodi na barua yake ya utambulisho kutoka chuoni.

Anakuta watu wamechoka, wengine wako likizo, makabati yamejaa mafaili yaliyokwishafungwa. Anapewa kazi ya kuyapanga kwa alfabeti. Anatoa fotokopi. Wiki nane zinaisha, logibuku inagongwa muhuri, naye anarudi chuoni kuandika ripoti kuhusu kazi ambayo hakuiona ikifanyika. Ni sawa na kumpeleka mtu shambani kujifunza kilimo wakati mahindi yameshavunwa na mabua yameshachomwa.

Mimi nilianza hivyohivyo. Nilienda fildi baada ya mwaka wa pili, halafu mambo ya nyumbani yakanilazimu kuahirisha mwaka wa tatu. Mwenye ofisi aliposikia akasema nibaki, atanipa nauli, chakula cha mchana na posho kidogo mwisho wa mwezi. Ofisi yenyewe ilikuwa ndogo, ghorofa ya tatu, mitaa ya karibu na Mnazi Mmoja, CPA wawili, yaani wahasibu waliothibitishwa, na vijana wachache waliokuwa wakifanya mitihani ya Bodi ya Wahasibu. Nilibaki mpaka Julai nyingine ikafika. Nikauona mzunguko wote, na ninachoandika hapa ni yale ambayo wiki nane zisingenionyesha.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya vocha. Kila aliyepita ukaguzi anaijua: unakaa na boksi la hati za malipo za mteja, unachukua sampuli kutoka kwenye leja, kitabu kikuu cha hesabu, unatafuta karatasi iliyoko nyuma ya kila mstari. Je, vocha ipo? Imeidhinishwa na nani? Ankara inasema nini? Mzigo ulipokelewa, na aliyepokea alisaini? Pesa ilitoka benki tarehe gani? Chuoni tunafundishwa hili kwa sentensi mbili, tunalijibu kwenye mtihani, tunapata alama. Kinachokosekana ni kwamba hakuna anayekueleza kwa nini mwelekeo wa kutafuta una maana.

Msimamizi wangu, dada mmoja ambaye alikuwa amebakiza masomo machache kumaliza CPA, ndiye aliyenieleza, tena kwa subira. Ukianzia kwenye leja ukaenda kwenye karatasi, unauliza: hiki kilichoandikwa, kweli kilitokea? Ukianzia kwenye karatasi ukaenda kwenye leja, unauliza swali jingine kabisa: hiki kilichotokea, kimeandikwa? Swali la kwanza linakamata mauzo ya uongo. La pili linakamata madeni yaliyofichwa. Mtu anayetaka kuonekana tajiri mbele ya benki ataongeza mauzo, na anayetaka kuonekana maskini mbele ya mkusanya kodi atayapunguza. "Kwa hiyo mdogo wangu," akasema, "kabla hujagusa boksi, jiulize huyu mteja anatamani hesabu zake zielekee wapi." Tangu siku hiyo sikuwahi kufungua boksi la vocha bila kujua ninaanzia upande gani.

Kuna na kitu kidogo ambacho wahasibu wa Tanzania wanakijua vizuri sana. Risiti za EFD, mashine za kielektroniki za risiti za kodi ambazo zilianza kutumika hapa 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), zinachapwa kwenye karatasi inayoshika maandishi kwa joto. Joto hilohilo huyafuta. Risiti iliyokaa miezi kwenye boksi, kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, hapa Dar, inageuka karatasi nyeupe yenye kivuli cha kijivu. Nilikuwa nazipeleka dirishani, nazigeuza kwenye mwanga, nasoma namba moja moja. Mhasibu makini hutoa nakala siku ileile anapoipokea na kuibana pamoja na ya asili. Ukifungua faili la mteja ukakuta kila risiti ina nakala yake nyuma, umeshajua kitu kuhusu mtu aliyelitunza faili hilo kabla hujasoma tarakimu hata moja.

Na pale maandishi yanaposomeka, risiti ina namba ya kuihakiki kwenye tovuti ya TRA. Unaingiza namba, inakuletea muuzaji, tarehe, saa na kiasi. Mara nyingi vinalingana. Siku moja tulikuta kundi la risiti zenye sura nzuri kabisa, nembo ipo, namba zipo, na tovuti haikuzitambua hata moja. Manunuzi yasiyo na risiti halali hayawezi kudai VAT yake ya asilimia 18, kwa hiyo hoja ile ilikuwa nzito. Mteja aliitwa, msambazaji akatafutwa, na kilichofuata kilishughulikiwa na watu wenye mamlaka kuliko mimi. Nilichoondoka nacho ni kwamba aliyeingiza namba zile kwenye tovuti nilikuwa mimi, mwanafunzi. Mwenye ofisi, ambaye saini yake ndiyo ingekaa chini ya ripoti, hakuwa na njia ya kuzijua risiti zile isipokuwa kupitia kwangu. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu ndilo lililonisukuma kuandika.

Desemba ikafika, na hapo ndipo mwaka wangu uligeuka.

Tarehe 31 tulikwenda kwenye ghala la muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi. Sementi, nondo, mabati, rangi, misumari. Ghala limefungwa kwa biashara siku hiyo ili mzigo usitembee wakati unahesabiwa. Mtunza stoo alikuwa mzee wa makamo, ana funguo zake kiunoni na daftari lake la mkono pamoja na orodha iliyochapwa na kompyuta ya ofisi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nyie ndio wakaguzi? Karibuni. Upande huu tulishahesabu jana, mnaweza kunakili tu."

Dada akamshukuru kwa heshima zote, akasema tutahesabu naye tena. Watu wengi wanafikiri wakaguzi ndio wanaohesabu ghala zima. Kazi ya kuhesabu ni ya mteja. Sisi tunasimama, tunaangalia kama wanahesabu kwa utaratibu, halafu tunarudia wenyewe sampuli. Nusu ya sampuli tunaichukua kwenye orodha na kwenda kuitafuta sakafuni, kuona kama vilivyoandikwa vipo. Nusu nyingine tunaichagua sakafuni kwa macho na kuitafuta kwenye orodha, kuona kama vilivyopo vimeandikwa. Yale maswali mawili ya vocha yalikuwa yamehamia ghalani, sasa yana vumbi na uzito.

Nondo zilihesabika. Ziko kwenye mafungu kwa unene, milimita 12 huku, milimita 16 kule, unahesabu vichwa vya fungu na kuweka alama ya chaki ili usirudie. Rangi tuliinua ndoo kadhaa, za juu na za katikati, kuhakikisha zina kitu ndani. Kisha tukafika kwenye sementi. Rundo refu, limepangwa vizuri, idadi ikalingana na orodha. Mimi nilikuwa nimeshaweka alama ya vema. Dada hakuondoka. Aliinama, akabonyeza pembe ya mfuko wa safu ya chini kabisa kwa kidole gumba, akaniambia nami nibonyeze.

Haukubonyea. Sementi nzuri ukiibonyeza unga unaachia ndani ya mfuko. Hii ilikuwa imekwishavuta unyevu wa sakafu na kuganda. Tukazunguka rundo lote tukibonyeza. Safu ya chini ilikuwa imeganda karibu yote, na ya pili yake ilikuwa imeanza pembeni.

Idadi ilikuwa sahihi na thamani haikuwa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu bidhaa, IAS 2, kinasema mali iliyo ghalani iandikwe kwa gharama yake au kwa kile kitakachopatikana ikiuzwa, kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Nilikuwa naikariri sentensi hiyo tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimefanya maswali yake, bidhaa A, bidhaa B, bidhaa C, tarakimu zimeshatolewa tayari. Hakuna swali la mtihani lililowahi kunitaka nijue kwamba tarakimu hiyo inapatikana kwa kidole gumba.

Mzee hakukasirika. Alisema ameomba chaga za mbao za kuwekea sementi, ameomba kwa mdomo, ameomba kwa barua, hajajibiwa. Dada akamwuliza kama ana nakala ya hiyo barua. Anayo. Tukaichukua nakala, na ombi lake likaingia kwenye barua ya mapungufu ambayo ofisi yetu humwandikia mteja mwisho wa ukaguzi. Safari hii lilikuwa na thamani ya shilingi pembeni yake, na wakurugenzi walilazimika kulijibu kwa maandishi. Watu wanamwogopa mkaguzi kwa kudhani amekuja kumfukuzisha mtu kazi. Mara nyingi kuna mtu wa chini ambaye amekuwa akisema ukweli kwa muda mrefu na hakuna aliyemsikia, na ukaguzi ukifanywa vizuri unampa sauti.

Kabla hatujaondoka nilitumwa kunakili namba ya hati ya mwisho ya kutolea mzigo na ya mwisho ya kupokelea. Nilidhani ni urasimu. Februari nikaelewa: ukiwa na namba hizo mbili, mauzo ya Januari hayawezi kurudishwa nyuma kuingia Desemba bila wewe kuona, na ankara ya Desemba haiwezi kusukumwa mbele. Uani kulikuwa na Fuso limeshapakiwa nondo, linasubiri dereva. Mzigo umeshalipiwa ankara, haujatoka getini. Ni wa nani usiku ule? Tulikaa na mkataba wa mteja kwa muda mrefu kulijibu swali hilo, na jibu liliamua kama nondo zile zinabaki kwenye stoo au zinahesabiwa kuwa mauzo ya mwaka huo.

Nikirudi nyumbani usiku ule nilikuwa na hamu ya kujua kwa nini utaratibu huu upo, nani aliuanzisha. Nilipoanza kusoma nikakutana na kesi mbili ambazo sasa naamini kila mwalimu wa ukaguzi angezifundisha kabla ya viwango vyenyewe.

Ya kwanza ni ya Uingereza, 1896, kesi ya kiwanda cha pamba cha Kingston. Meneja alikuwa anaongeza thamani ya pamba na nyuzi mwaka hadi mwaka ili kiwanda kionekane kina faida. Wakaguzi walipokea cheti chake na kukiandika. Hawakuingia stoo. Mahakama ya Rufani ikasema hawana hatia, na Jaji Lopes akatoa kauli ambayo bado inanukuliwa madarasani: mkaguzi ni mbwa wa kulinda, hakuajiriwa kuwa mbwa wa kunusa na kuwinda. Kwa zaidi ya miaka 40 iliyofuata, kumwamini meneja kuhusu mali ya ghalani kulibaki jambo la kawaida.

Ya pili ndiyo iliyobadilisha dunia. Desemba 1938 huko Marekani iligundulika kwamba McKesson & Robbins, kampuni kubwa ya dawa, ilikuwa na mali ya dola milioni 87 kwenye vitabu, na karibu dola milioni 19 kati ya hizo hazikuwepo. Dawa ghafi zilizodaiwa kuwa kwenye maghala ya Kanada hazikuwahi kununuliwa. Maghala hayakuwa na kitu. Rais wa kampuni alikuwa tapeli aliyeishi kwa jina la bandia, na ndugu zake walikuwa wakitengeneza karatasi: oda, ankara, hati za kusafirishia. Karatasi zilikuwa kamili. Mkaguzi aliyeanzia kwenye leja angezikuta zote. Kilichokosekana ni mtu mmoja kupanda treni kwenda Kanada na kufungua mlango. Mwaka uliofuata, 1939, wahasibu wa Marekani wakaweka utaratibu kwamba mkaguzi ashuhudie kuhesabiwa kwa mali ya ghalani na awaandikie wadaiwa moja kwa moja. Tulichokuwa tunafanya kwenye ghala la sementi Dar es Salaam kilizaliwa pale.

Januari kazi ikahamia benki. Mteja ana akaunti, ana taarifa za benki, ana usuluhishi wa kila mwezi, yaani ulinganisho wa vitabu vyake na taarifa za benki, ulioandikwa vizuri. Hayo yote yanatoka mikononi mwake. Mkaguzi anaandika barua yake, mteja anaisaini kuiruhusu benki itoe taarifa, halafu barua inatoka kwa mkaguzi kwenda benki na majibu yanatoka benki kuja kwa mkaguzi. Mteja hayagusi. Mhasibu wa mteja mmoja, kaka mkarimu kweli, aliona nikihangaika na daladala kati ya matawi mawili akaniambia: "Niachie hizo barua, mimi naenda benki kila siku, nitakuletea majibu." Nadhani alisema kwa wema. Nilimpigia dada simu, naye akasema hapana, endelea na daladala.

Mwaka 2003 kampuni ya maziwa ya Italia, Parmalat, ilionyesha akaunti yenye karibu euro bilioni 4 kwenye benki moja ya Marekani. Barua ya kuthibitisha salio ilikuwepo. Benki ilipoulizwa Desemba mwaka huo ikasema barua ni ya kughushi na akaunti haipo. Mwaka 2020, Ujerumani, Wirecard ilidai ina euro bilioni 1.9 kwenye akaunti zilizounganishwa na mabenki mawili ya Ufilipino. Mabenki yote mawili yakasema hati ni za uongo, na kabla ya Juni kuisha kampuni ikaomba kufilisiwa. Imepita miaka 17 kati ya kashfa hizi mbili, kompyuta zimebadilika, viwango vimeandikwa upya, na kilichokuwa kinahitajika mara zote mbili ni jibu la benki lililopita kwenye mikono sahihi. Kazi hiyo ya kubeba barua, kwenye ofisi nyingi, inapewa mtu mdogo kuliko wote. Kwa kawaida haambiwi kwa nini.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, na naomba wenye ofisi waisome kwa moyo mweupe. Ripoti ya ukaguzi inasainiwa na mtu wa juu, mwenye CPA, mwenye miaka kazini. Ushahidi ulio chini ya saini hiyo umeshikwa na mtu wa chini. Ni yeye aliyebonyeza mfuko au hakubonyeza. Ni yeye aliyeingiza namba ya risiti au alipiga vema tu kwa sababu ilikuwa saa kumi na moja jioni na bado kuna foleni ya Mbagala. Wa juu anaweza kupitia karatasi za kazi usiku kucha, ataona vema zilizopangwa vizuri, na hana namna ya kujua ni vema ipi imepigwa bila kuangalia. Kumweka mtu huyo kwenye kona apange mafaili, halafu mwakani kumpeleka ghalani akiwa mhitimu bila kumweleza anatafuta nini, ni kuhatarisha saini yako mwenyewe.

Msimu huo pia ulinifundisha kusoma habari. Kila Aprili ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikitoka bungeni, mitaani tunajadili nani kapata hati safi na nani kapata hati yenye shaka. Hesabu za Serikali hufungwa 30 Juni, taasisi zinawasilisha kwa CAG kufikia 30 Septemba, naye anamkabidhi Rais ripoti kufikia mwisho wa Machi. Nilikuwa naamini, na watu wengi bado wanaamini, kwamba hati safi maana yake hakuna pesa iliyoliwa. Maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi katika mambo yote makubwa. Taasisi inaweza kununua mashine kwa bei mara tatu ya sokoni, ikaandika manunuzi hayo vizuri kabisa, na ikapata hati safi. Uchafu huo utauona kwenye kurasa za ndani za ripoti, kwenye hoja moja moja, yaani mapungufu ambayo mkaguzi ameyataja na kutaka majibu. Kwa hiyo sasa nikisoma habari ya hati, naenda moja kwa moja kwenye hoja, naangalia zipi zimefungwa na zipi zimejirudia kutoka mwaka uliopita. Hoja inayojirudia miaka mitatu inaeleza mengi kuliko rangi ya hati.

Nisipite bila kusema kuhusu pesa. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupata pesa ya fildi. Asiye na mkopo anategemea nyumbani, na nyumbani wengine hawana. Nimeona wenzangu wakichagua ofisi ya kufanyia fildi kwa kuangalia umbali wa kutembea, wakiacha nafasi nzuri iliyokuwa Masaki kwa sababu ya nauli ya kutoka Chanika. Ukaguzi una sababu ya ziada ya kumlipa mwanafunzi. Ofisi yetu ilikuwa na msimamo kwamba chakula cha mchana ukiwa kwa mteja unajilipia, na ofisi inakurudishia. Tulikuwa tunatoka getini kwenda kwa mama ntilie hata mteja alipokuwa na kantini. Soda ya kukaribishwa unapokea, bahasha ya mwisho wa mwaka hupokei. Msimamo huo unawezekana kwa mtu ambaye hana njaa. Kijana asiye na nauli ya kurudi nyumbani ukimpeleka kukagua pesa za mtu mwingine unamweka kwenye mtihani ambao hakupaswa kuufanya.

Kwa nini basi tusipange upya? Uingereza vyuo vingi vina shahada za miaka 4 ambazo mwaka mmoja, kwa kawaida wa tatu, mwanafunzi anautumia kazini akiwa bado amesajiliwa chuoni, na analipwa. Sidhani tunahitaji kunakili hilo zima. Mwaka mmoja zaidi wa ada na kodi ya chumba ni mzigo kwa familia nyingi, nami nisingeupata mwaka wangu kama si matatizo. Kuna kitu rahisi zaidi. Tarehe 31 Desemba wanafunzi wengi wako kwenye mapumziko ya Krismasi au wanaweza kuruhusiwa siku chache, na siku hiyohiyo ofisi za ukaguzi zinahangaika kutafuta watu, kwa sababu wateja wote wanahesabu stoo kwa wakati mmoja. Pande zote mbili zinahitajiana siku ileile. Siku tatu za ghalani Desemba, zikafuatiwa na wiki za Julai kuona hesabu zilezile zikiwa zimekamilika, zingemfundisha mwanafunzi kuliko wiki nane mfululizo za makabati. Angekutana na namba yake mwenyewe, ile aliyoihesabu kwa mkono, imekaa ndani ya mizania, ile taarifa ya mali na madeni ya kampuni.

Bodi ya Wahasibu, NBAA, inataka mtu awe na miaka 3 ya uzoefu chini ya msimamizi pamoja na kufaulu mitihani inayofanyika Mei na Novemba kabla ya kuitwa CPA. Ni utaratibu mzuri. Unamkuta mtu, hata hivyo, akiwa ameshahitimu, na wengi wanaanza kuhesabu miaka hiyo wakiwa hawajawahi kuona ghala. Mimi nilirudi chuoni mwaka wa tatu nikamsikia mhadhiri akieleza tofauti ya kuwepo kwa mali na thamani ya mali. Wenzangu waliandika. Mimi niliinua mkono nikasimulia sementi, na darasa likauliza maswali mpaka kipindi kikapita muda wake. Mhadhiri aliniomba nirudie kwa mkondo wa pili.

Ninyi wanafunzi huenda mnajiuliza mnaanzaje kupata nafasi kama ile. Ofisi kubwa zenye majina ya kimataifa zina taratibu zao na ushindani wake ni mkali, ombeni, lakini msiziwekee matumaini yote. Ofisi ndogo ziko nyingi, na huko mwanafunzi anaguswa na kila hatua kwa sababu watu ni wachache. Orodha ya ofisi zilizosajiliwa inapatikana NBAA. Usipeleke barua Juni, hakuna atakayeisoma. Ipeleke Novemba, uende nayo mwenyewe, asubuhi, na ndani yake usiandike kwamba unaomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo tu. Andika kwamba unaomba kushiriki kuhesabu stoo tarehe 31 Desemba, uko tayari kusafiri hata nje ya mkoa, na taja simu unayopatikana nayo sikukuu.